Mke wangu ana dipresheni. Je, nimpeleke akawekewe taa za kichwani?

Mama Nesi, assalamu alaikum.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, nakaa Kisauni na nafanya kazi kwa ajenti wa klaringi pale Shimanzi. Nakuandikia kwa sababu ya mke wangu. Tuna watoto watatu, wa mwisho hajaanza chuo.

Mke wangu ni mtu wa kazi. Kila jioni alikuwa akitoa meza yake barazani: mahamri, viazi karai, bajia, na chatne ya ukwaju iliyokuwa ikivuta watu hadi wa Bombolulu. Tangu ipite Idi, meza imeegemezwa ukutani. Yuwalala kutwa, chakula hataki, nywele hachani, mtoto akilia humwangalia tu. Dada yake alimpeleka hospitali, daktari akasema ni dipresheni, akampa fluksetini, kidonge kimoja kila asubuhi. Sasa yakaribia miezi miwili. Kulia kumepungua, lakini mwenyewe hajarudi. Juzi usiku aliniambia, "Natamani nilale nisiamke." Nikamwambia alete astaghfirullah, akaleta, akageukia ukutani. Hatujalizungumza tena.

Mwenzangu kazini akanielekeza kituo kimoja Nyali, mahali pa masaji na mambo ya ngozi, ambapo wana kofia ya taa. Unavalishwa, taa zamulika ubongo kupitia kwenye paji la uso na utosi, na ugonjwa huondoka. Shilingi 4,000 kwa mara moja, na wataka twende mara 20, yaani 80,000. Nimeshaweka arbuni ya 10,000. Yule bwana anasema haina madhara yoyote kwa sababu ni mwanga tu, kama jua, na kwamba imeidhinishwa Marekani. Alitupa mara ya kwanza bure. Mke wangu alikaa dakika 20, akasema kichwa kimepata moto kidogo, kisha njiani kwenye tuktuk akacheka. Mama Nesi, sikumbuki mara ya mwisho kumuona akicheka. Bwana huyo akatwambia aache vidonge wiki moja kabla ya kuanza, ili dawa isigongane na mwanga.

Mama yangu hataki kusikia. Asema taa za kichwani zitamkausha ubongo na zitamtia saratani, bora tumletee kombe la aya za Qur'ani anywe na asomewe. Shemeji yangu aliye Dubai naye asema kofia kama hizo ziko huko kwa bei nafuu, yuko tayari kunitumia moja tuwe twamfanyia wenyewe nyumbani.

Mimi nataka mke wangu arudi alivyokuwa. Ungemuona mwaka jana! Halali, saa nane za usiku yuko jikoni akanda unga, asema kwa haraka mpaka humpati. Alichukua pesa za chama akanunua majora ya vitambaa Biashara Street, akasema afungua maduka matatu, moja hapa, moja Malindi, moja Lamu. Tulimcheka lakini alikuwa na nguvu za ajabu, wiki mbili tatu hivi. Baadaye akashuka taratibu, tukagombana na wanachama, nikalipa. Daktari hakuuliza habari hizo na sisi hatukuona haja ya kumwambia.

Swali langu: hizi taa ni salama? Zitamdhuru macho au ubongo? Na ile ya Dubai niiagize?

Baba Watatu, Kisauni

*

Waalaikumu salaam, mwanangu.

Habari ya taa nitakujibu, tena kwa kirefu, maana si wewe wa kwanza kuniuliza. Kwanza kuna jambo moja ambalo haliwezi kungoja.

Mke wako amekwambia atamani kulala asiamke. Leo ukirudi kazini, watoto wapeleke kwa bibi yao, ukae naye nyinyi wawili tu, umuulize wazi: je, wafikiria kujiua? Usizungukezunguke. Watu huogopa kwamba ukiuliza utamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo, lakini sivyo ilivyo. Miaka niliyokaa wodini niliona wengi wakishusha pumzi kwa sababu hatimaye kuna aliyeuliza. Akikwambia ndiyo, na hasa akiwa ameshapanga njia, usingoje tarehe ya kliniki. Mpeleke kwenye dharura ya Hospitali Kuu ya Pwani, pale Makadara, usiku huohuo, wala asiachwe peke yake hata kwenda msalani. Simu 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo na kuna watu wa kuzungumza naye, na wewe pia. Vidonge vyake kuanzia leo vikae kwako, uwe wampa kimoja kila asubuhi. Na kama woga wenu ni polisi, Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Najua familia za mji huu zilizowaficha watu wao ndani kwa ajili ya kifungu hicho.

Sasa taa.

Mwanga unaotumika kwenye kofia hizo huwa ni infraredi ya karibu, yaani ule unaokuja mara tu baada ya wekundu ambao jicho laweza kuuona. Urefu wa wimbi lake huwa nanomita mia nane na kitu, na mashine nyingine hufika elfu moja na kitu. Wataalamu huiita tiba hii fotobaiomodulesheni. Mwambie mama, kwa adabu, kwamba huu si mwanga wa eksirei, wala si ile miale ya jua inayobabua ngozi na kuleta saratani. Nguvu zake hazifiki kuvunja chembe za mwili. Ubongo hautakauka. Hapo mama amekosea, ingawa kwenye jambo la kuwa na wasiwasi amekushinda wewe.

Mambo haya yalianzia Budapest. Mwaka 1967 daktari mmoja wa Hungaria, Endre Mester, alikuwa akiwamulika panya kwa leza hafifu kutazama kama itawaletea saratani. Saratani haikutokea, ila manyoya yaliyonyolewa yakaota haraka zaidi upande uliomulikwa. Tangu hapo watu wameijaribu kwa vidonda, kwa maumivu ya viungo, kwa vidonda vya mdomoni vya wagonjwa wa saratani, na mwishowe kwa ubongo. Wanachodhani hutokea ni kwamba ndani ya seli, kwenye mitokondria ambazo hutengeneza nguvu za mwili, kuna kimeng'enya kinachofyonza mwanga huo, na seli ikapata nguvu zaidi na damu ikapita vizuri zaidi. Ni maelezo mazuri. Lakini weka tochi kwenye kiganja chako gizani uone ni wekundu hafifu kiasi gani unaotokea upande wa pili, kisha fikiria ngozi ya kichwa, fuvu, na maji yanayouzunguka ubongo. Kinachofika kwenye tabaka la juu la ubongo ni asilimia chache tu ya kilichotoka kwenye taa, au pungufu ya hapo. Nywele nazo huzuia, ndiyo maana watafiti wengi humulika paji la uso. Kwa hivyo huyo bwana anayetaka mke wako avue shela amulikwe utosini, muulize mwanga wake wapitaje kwenye misuko.

Je, yatibu sonona, yaani hiyo dipresheni? Mwaka 2009 kule Boston, Fredric Schiffer na wenzake waliwamulika watu 10 kwenye paji la uso, mara moja tu, na baada ya wiki mbili wengi wao walikuwa na nafuu. Watu 10 ni kama kikao cha chama chenu. Mwaka 2018, mjini humohumo, Paolo Cassano na wenzake waliwagawa watu 21 kwa kura, baadhi wakapata mwanga mara mbili kwa wiki kwa wiki nane, wengine wakavalishwa mashine iliyoonekana ni hiyohiyo lakini haikutoa kitu. Waliopata mwanga walipata nafuu zaidi, ingawa kadhaa waliachia njiani. Kila mtu akafurahi. Kisha kundi hilohilo likafanya utafiti mkubwa zaidi, katika zaidi ya hospitali moja, na matokeo yake yalipotolewa 2022 hapakuwa na tofauti kati ya waliopata mwanga na waliovalishwa mashine ya uongo. Pande zote mbili watu walipata nafuu kidogo.

Hilo la mwisho lifikirie vyema. Watu waliokaa chini ya taa isiyowaka walipata nafuu. Walitoka nyumbani, mtu aliwauliza hali zao, walikuwa na miadi ya kungojea. Mke wako alicheka kwenye tuktuk, na mimi namshukuru Mungu kwa kicheko hicho. Lakini kabla ya kukihesabia taa, kumbuka kwamba siku hiyo mumewe aliacha kazi, akamtoa ndani, wakaenda Nyali wawili bila watoto. Hiyo yaweza kurudiwa kesho kwa nauli tu.

Usalama sasa, maana ndilo ulilouliza. Katika tafiti hizo za sonona madhara yaliyoonekana yalikuwa madogo: kuumwa kichwa, kukosa usingizi, kuwa mwepesi wa hasira, joto kwenye ngozi. Kuna ushahidi mwingine mkubwa zaidi, na ulitoka kwenye ugonjwa tofauti. Katika tafiti tatu, ambazo matokeo yake yalianza kutolewa 2007, watu waliopatwa na kiharusi walimulikwa vichwa vilivyonyolewa kwa leza ya nanomita 808 ndani ya saa 24. Utafiti wa kwanza ulikuwa na watu 120, wa pili 660, na wa tatu ukasimamishwa katikati kwa sababu ilionekana wazi kwamba hautawafaa wagonjwa. Mwishowe haikuthibitika kwamba tiba yasaidia, lakini waliomulikwa hawakudhurika zaidi ya wale ambao hawakumulikwa. Watu zaidi ya elfu moja wenye ubongo uliokwisha kuumia walishiriki, na mwanga haukuwaongezea madhara waliomulikwa. Kwa hivyo nikisema kwamba mwanga wenyewe, kwa kipimo cha watafiti, ni mpole, sisemi kwa kukisia.

Ila sikiliza masharti yake. Wale watu walichaguliwa. Wenye kifafa, wajawazito, wenye uvimbe kichwani na wenye maradhi mazito mengine ya akili kwa kawaida huachwa nje ya tafiti za namna hii. Macho yalifunikwa. Nguvu ya taa ilipimwa. Mtu aliyekuwa na fikra za kujiua hakuchukuliwa, au alifuatiliwa na daktari kwa karibu. Pale Nyali mke wako hakuulizwa hata dawa anazotumia, isipokuwa kuambiwa aziache.

Macho ndiyo ya kuogopa kwanza. Mwanga mkali tunaouona tunaukimbia: twafumba, twageuza uso. Infraredi ya karibu hauioni, kwa hivyo hufumbi, na lenzi ya jicho huukusanya mwanga huo kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kama ifanyavyo kwa mwanga wa kawaida. Kukiwa na leza ndani ya kofia, au taa zenye nguvu zilizolegea zikaelekea chini, mtu aweza kuunguza retina bila kusikia maumivu yoyote. Hujaniambia kama alivishwa miwani ya kukinga. Kama hakuvishwa, na akaanza kuona doa jeusi au ukungu katikati ya anachokitazama, mpeleke kwa daktari wa macho mara moja.

La pili ni joto. Amekwambia kichwa kilipata moto. Uvuguvugu si kitu, lakini moto ni alama kwamba nguvu imezidi au taa ni mbovu. Na hapa sisi watu wa Pwani tuna la kuuliza: weusi wa ngozi na wa nywele hufyonza mwanga, na mwanga uliofyonzwa hugeuka joto. Kipimo kilichowekwa kwa mtu wa ngozi nyeupe huko Boston chaweza kuwa kingine juu ya ngozi yako na yangu. Muuza kofia ambaye hajawahi kulifikiria hilo, mimi simpi kichwa cha mtu wangu. Kuna pia dawa ambazo humfanya mtu adhurike na mwanga kwa urahisi, kama doksisaiklini, ambayo watu hapa hunywa kwa maradhi mengi, na klopromazini ya wagonjwa wa akili. Dawa yoyote anayotumia, hata ya dukani, itajwe.

La tatu ni tamaa ya kuzidisha. Mwanga huu una tabia kwamba kidogo huweza kufanya kazi na kingi kikaharibu kazi hiyohiyo. Watafiti wameliona hili maabara mara nyingi. Mtu akiwa na kofia nyumbani, dakika 20 zisipoleta kitu atatia 40. Ndiyo sababu yangu kubwa ya kukukataza ile ya Dubai. Nyingine ni kwamba hutajua ndani yake mna nini. Kofia za mwanga mwekundu zauzwa kila mahali kwa ajili ya kuotesha nywele, na huko Marekani chanuo cha leza cha nywele kiliruhusiwa tangu 2007. Mfanyabiashara hachelewi kukuonyesha cheti cha nywele akakwambia ni cha ubongo. Nijuavyo mimi, Marekani haijaidhinisha kofia ya mwanga wa namna hii kuwa tiba ya sonona. Miongoni mwa vilivyoruhusiwa huko kwa sonona, tangu 2008, ni kichocheo cha sumaku, ambacho ni mashine nyingine kabisa na huendeshwa na madaktari. Ukitaka kumpima huyo bwana, muombe mambo mawili kwa maandishi: usajili wa mashine yake kwa Bodi ya Dawa na Sumu, na jina la daktari mwenye leseni anayesimamia. Utaona atakavyokuitia soda.

Na lile la kuacha vidonge wiki moja ili "visigongane" na mwanga halina msingi wowote. Watu katika tafiti wengine walikuwa wakiendelea na dawa zao. Kwa mgonjwa aliyekwambia atamani asiamke, kumwachisha dawa bila daktari ndiyo hatari kubwa kuliko taa zote za Nyali.

Lakini mwanangu, kilichonifanya niisome barua yako mara mbili hakikuwa taa. Ni zile wiki mbili tatu za mwaka jana.

Wewe umeziandika kwa furaha, kunionyesha mke uliyempoteza. Mimi nimeona mtu asiyelala na hachoki, asemaye kwa haraka hadi hamumfuati, mwenye mipango ya maduka matatu kwa mkupuo, anayechukua pesa zisizo zake kwa shughuli ambayo akiwa timamu angeikataa. Baadaye akashuka hadi chini kabisa. Siwezi kumwita mgonjwa mtu nisiyemuona, na huenda kuna maelezo mengine. Ila mambo hayo yakikaa pamoja namna hiyo, kitu cha kwanza ambacho daktari wa akili atakitafuta ni bipola: ugonjwa ambao mtu hupanda kupita kiasi kisha huporomoka. Anapokuwa chini hufanana kabisa na sonona ya kawaida. Tofauti hujulikana kwa kuuliza habari za alipokuwa juu, na hizo mgonjwa aliyelala kitandani hazitaji. Familia huziita bidii.

Hili ndilo linalobadilisha jibu la swali lako la usalama. Kwa mwenye bipola, dawa ya sonona ikitumiwa peke yake, bila dawa ya kutuliza hali, yaweza kumrusha juu tena. Mwanga mweupe mkali nao, ule wa sanduku la taa lenye lukisi 10,000 (lukisi ni kipimo cha ukali wa mwanga) ambao watu wa nchi za baridi hukaa mbele yake asubuhi nusu saa, umejulikana kwa miaka mingi kwamba waweza kufanya vivyo hivyo. Mwanga huo kwa sonona ya kawaida una ushahidi mzuri kuliko kofia yako. Utafiti wa Kanada wa 2016 ulionyesha wazi unasaidia, hata kwa wasio na sonona ya majira ya baridi. Kwa wenye bipola, Wamarekani walikuja kuujaribu kwa tahadhari, matokeo yakatoka 2018: waliutoa mchana badala ya alfajiri, na kwa watu walioshikwa tayari na dawa za kutuliza hali. Hapo ulifaa. Sasa, kofia ya infraredi haijafanyiwa kazi ya kutosha kwa watu wa aina hiyo, na tafiti nilizokutajia zilikuwa za wenye sonona ya kawaida. Kwa hivyo "haina madhara" ya yule bwana, hata ikiwa kweli kwa jirani yako, haimhusu mke wako mpaka daktari ajue ni ugonjwa gani hasa anaoutibu.

Basi fanya hivi. Usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Mrudishe wiki hii, kliniki ya afya ya akili ya Makadara au Port Reitz, popote alipoanzia. Nenda wewe, usimtume dada yake, maana uliyekuwa ukiamka ukamkuta jikoni saa nane za usiku ni wewe. Omba mkiwa naye ndani useme yote: usingizi, usemi, majora, maduka, pesa za chama. Chukua daftari la chama uende nalo, lina tarehe, na daktari atataka kujua wiki hizo zilikuwa ngapi na alishuka lini. Ulizia pia kwao kama yuko aliyewahi kuugua akili, shangazi, mjomba, yeyote, hata yule ambaye ukoo husema alirogwa. Vidonge aendelee navyo mpaka daktari aseme vinginevyo. Ila kabla ya siku hiyo, akianza ghafla kukesha bila kuchoka, kusema mfululizo na kutumia pesa, usifurahi kwamba amepona. Mpeleke siku hiyohiyo.

Kuhusu haya, zungumza kwanza na mke wako mwenyewe kabla hujazungumza na daktari. Hatapenda kutajiwa yale majora mbele ya mgeni kwa mara ya kwanza. Na usiyatamke kana kwamba wamdai.

Ikionekana ni sonona ya kawaida, bado kuna mengi kabla ya kofia: kuongeza kipimo cha fluksetini au kuibadili, maana miezi miwili yenye nafuu nusu ni sababu tosha ya daktari kuchukua hatua, na mazungumzo ya tiba kwa mpango maalumu. Hata shoti ya umeme, ambayo watu hapa huitaja kwa kunong'ona, hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, na kwa sonona nzito huponya watu ambao kila kitu kimewashinda. Uniwie radhi, hilo ni la kwangu mimi la kulalamikia siku nyingine.

Mama naye usigombane naye. Kusomewa hakumdhuru mtu, na sauti ya Qur'ani ndani ya nyumba yaweza kumtuliza yeye na nyinyi. Kombe lililoandikwa kwa zafarani sina neno nalo, mradi asiambiwe aache dawa kwa ajili yake. Lakini akitokea mtu wa kuleta mizizi ya kuchemsha au vifukizo vya kumfungia chumbani, hapo sema hapana. Mizizi hiyo yaweza kugongana na vidonge kwelikweli, tofauti na mwanga.

Daktari akishajua habari yote, na akakwambia kwamba ni sonona tupu, kwamba kofia haitamdhuru, na mke wako mwenyewe aitaka, mimi sitakuja kusimama mlangoni. Utajua tu kwamba wanunua kitu ambacho hakijathibitika, kwa pesa nyingi, na utamvisha miwani.

Shemeji wa Dubai mwambie asitume kitu. Arbuni yako idai wiki hii, kwa ujumbe wa maandishi, useme daktari hajaruhusu. Akikataa kuirudisha, umepoteza 10,000. Zile 70,000 bado ziko mkononi, na mwezi ujao utazihitaji kwa vipimo, dawa na nauli za kwenda na kurudi kliniki.

Mama Nesi